Harufu ya Petroli Ndani ya Gari: Je, Pua ni Shahidi?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wake. Ama baada ya hayo:

Limezuka suali hapa Sengerema, nalo si la watu wa ziwani peke yao, bali ni la kila mji wenye magari makongwe, pwani na bara. Mtu ana gari ya zamani ya kuchukulia abiria, na ndani yake mwanuka petroli. Akiambiwa, hujibu: "Gari kuukuu ndivyo zilivyo. Na mafakihi wamesema yakini haiondoki kwa shaka. Yakini yangu ni kuwa gari yaenda salama. Harufu ni shaka tu." Je, hoja hii yasimama?

Kanuni ni sahihi, lakini ameiweka pasipo mahali pake. Petroli iliyomo katika tangi zima na mipira mizima hainuki vitini. Ikinuka, basi yakini ni kuwa imetoka. Lenye shaka ni pale ilipotokea tu. Na shaka ya mahali haivunji yakini ya jambo. Mtu akijua kuwa nguo yake imeingia najisi, asijue ni upande gani, hukumu yake katika madhehebu yetu ni kuiosha yote, wala si kuiacha yote.

Na pua ni shahidi akubaliwaye. Maji yaliyotimia kulateni, hata yakiwa mengi kuliko hayo, hunajisika yakigeuzwa na najisi rangi yake, au tamu yake, au harufu yake. Ikiwa twaacha maji ya birika zima kwa neno la pua, vipi tutaikataa ishara ya pua hiyo hiyo katika roho za watu?

Huenda mwenye kubisha akasema: "Mbona harufu ya pombe kinywani haitoshi, kwa madhehebu ya Shafi, kumpiga mtu haddi?" Kweli, haitoshi. Lakini itazame sababu yake, ndugu yangu. Adhabu huondolewa kwa shaka ili mtu asidhuriwe pasipo haki. Ikiwa shaka yatosha kumwokoa mtu mmoja na bakora, haiwi shaka hiyo hiyo kuwa ruhusa ya kuwatia watu kumi katika khatari ya moto. Huko na huku makusudio ni mamoja: kuwalinda wanaadamu.

Na khatari yenyewe si ndogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hushuka ukatanda sakafuni miguuni mwa abiria. Ukifika kama sehemu 1.4 katika 100 za hewa, yatosha cheche moja ya waya au ya sigara kuuwasha. Kabla ya moto, huleta kichwa kuuma na kizunguzungu, na huyo mwenye kizunguzungu ndiye ashikaye usukani. Wala hatukusahau Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la petroli lilipopinduka na watu wakenda kuchota. Moto uliwaka, wakafa zaidi ya watu 100.

Basi yampasa mwenye gari kutafuta, na kutafuta kuna adabu yake. Aisimamishe mahali peupe, mchana, injini ikiwa imepoa, wala asimulike kwa kiberiti. Kisha aiulize harufu wakati wake. Ikija mara baada ya kutia mafuta, atazame kifuniko cha tangi na mpira wake, mdomo wa tangi, na pale juu ya tangi iingiapo geji. Ikija baada ya kuzima injini ya moto, atazame kabureta isiwe yafurika, na mipira iliyo karibu nayo iliyopasuka kwa uzee. Ikija gari iendapo, atazame pampu na bomba za chini zilizoliwa na kutu. Na asilisahau dumu alilolipakia nyuma.

Akiona, atengeneze kweli kweli. Mpira uliopasuka hubadilishwa kwa mpira wa mafuta, si kwa mpira wa maji, kwani petroli huula. Sabuni ipakwayo penye tundu la tangi ni ya kumfikisha mtu kwa fundi, si dawa ya mwaka. Na tangi lisichomelewe kabla ya kuoshwa na kutolewa mvuke wote, kwani tangi tupu laweza kuripuka kuliko lililojaa.

Najua atasema: "Siku moja bila kazi ni siku moja bila unga nyumbani." Neno hili ni zito, wala hatulidharau. Lakini abiria hakulipa nauli ili awe fungu katika kamari ya mwingine, amejiweka amana. Zamani kungoja kivuko cha Busisi kulimpa dereva nafasi ya kufunua boneti. Tangu daraja la Kigongo na Busisi kufunguliwa mwaka 2025, avuka pasina kusimama. Na yule apandaye kivuko cha Kamanga hubanwa pamoja na magari ya wenziwe juu ya maji, pasipo pa kukimbilia. Wala asiseme amemtegemea Mungu: Mtume alimwamrisha mwenye ngamia amfunge kwanza, ndipo ategemee.

Na akiona gharama ni kubwa akataka kuiuza, asiipulizie manukato ili mnunuzi asinuse. Mtume aliingiza mkono katika rundo la nafaka sokoni, akakuta umaji chini yake, akamkemea mwenye kuuficha. Aibu ya gari ielezwe. Na mnunuzi aliyefichwa ana haki ya kuirudisha, bora asikawie pindi atambuapo.

Basi pua imekwisha toa ushahidi. Aliyeusikia kisha akatia abiria na kuondoka, hana udhuru wa kusema hakujua.

Wabillahi taufiki.