Je, Ni Halali Kununua Amani kwa Haki ya Mtu Mmoja?

Kuna swali linalowapata wakubwa wa nchi, nalo huwapata pia wazee wa kijiji na baba wa nyumba: Je, ni halali kumwacha mtu mmoja asiye na kosa aendelee kuteswa, ili wengi wakae kwa amani? Tukiulizwa hivi, sote twajibu upesi: Sivyo. Lakini siku shauri lenyewe likifika mlangoni, jibu huwa zito. Tutazame jinsi wakubwa wa Ufaransa walivyolijibu mwishoni mwa karne ya 19.

Mwaka 1894 kapiteni mmoja wa jeshi la Ufaransa, Alfred Dreyfus, aliyekuwa Myahudi, alishitakiwa kwamba aliwapa Wajerumani siri za jeshi. Baraza la kijeshi likamhukumu kifungo cha maisha, naye akapelekwa Kisiwa cha Shetani, karibu na pwani ya Guyane. Lakini waamuzi walipewa kwa siri karatasi ambazo yeye na wakili wake hawakuonyeshwa, na aliyeruhusu jambo hilo ni waziri wa vita mwenyewe, Jenerali Mercier. Mwaka 1896 ofisa mmoja, Picquart, aligundua kwamba mwandiko uliomtia Dreyfus hatiani ulikuwa wa mtu mwingine, Esterhazy. Wakubwa wake hawakumshukuru. Walimpeleka mbali, mpaka Tunisia.

Yafaa tujue namna ya serikali ya Ufaransa siku zile. Kura moja ya Baraza la Wajumbe iliweza kuiangusha serikali yote. Tangu Dreyfus ahukumiwe mpaka Aprili 1896, serikali tatu zilikuwa zimekwisha kuondoka. Ndipo akaja Jules Méline. Huyu hakuwa mtu mwovu. Aliwapenda wakulima, na sheria ya ushuru ya mwaka 1892, iliyolinda mazao yao, ilikuwa hasa kazi yake. Yeye alitaka utulivu, na uchaguzi wa mwaka 1898 ulikuwa unakaribia.

Mwaka 1897 Auguste Scheurer-Kestner, makamu wa rais wa Seneti, mzee aliyeheshimiwa na wengi, alipata kujua ukweli. Alimwendea waziri wa vita, rafiki yake wa zamani, akamsihi shauri lisikilizwe upya. Haikufaa kitu. Tarehe 4 Desemba 1897 Méline aliwaambia wajumbe kwamba hakuna shauri la Dreyfus. Na mwezi wa Januari uliofuata, maseneta hawakumchagua tena mzee yule kuwa makamu wa rais.

Tuzipime sababu za Méline, maana si za kuchekwa. Ya kwanza: hukumu imekwisha kutolewa, na serikali haina ruhusa ya kuwaingilia waamuzi. Ni kweli, lakini waziri alikuwa amekwisha kuwaingilia kwa zile karatasi za siri. Ya pili: Ufaransa ilishindwa na Wajerumani mwaka 1870 na 1871, basi jeshi lisivunjiwe heshima. Lakini ni nani aliyelivunjia heshima, aliyefunua kosa au aliyelificha? Ya tatu: watu wakae kwa amani. Lakini nchi haikupata amani. Makundi ya watu yaliwashambulia Wayahudi mitaani. Hata gazeti la Kikatoliki La Croix liliwatukana vikali, nasi tunaosoma gazeti la Kikatoliki tusilifiche jambo hilo.

Uwongo uliendelea kuzaa uwongo. Julai 1898 waziri mpya wa vita, Cavaignac, aliwasomea wajumbe barua zilizoonyesha kwamba Dreyfus ana hatia. Wakashangilia, wakaamuru hotuba yake ibandikwe katika miji na vijiji vyote. Mwezi uliofuata ikagunduliwa kwamba barua moja ilikuwa ya bandia, imetungwa na ofisa Henry. Cavaignac mwenyewe alimhoji Henry mpaka akakiri. Kesho yake Henry alijiua gerezani. Cavaignac akajiuzulu, lakini bado alikataa shauri lisikilizwe upya. Twaona kwamba mtu aweza kuchukia uwongo, na bado asikubali kuuacha moyo wake uongozwe na ukweli.

Aliyelipeleka shauri mbele ya Korti Kuu ni Waziri Mkuu Brisson, na serikali yake ikaanguka Oktoba mwaka uleule. Mwaka 1899 baraza la kijeshi la Rennes lilimhukumu Dreyfus tena. Tarehe 19 Septemba Rais Loubet alimsamehe, na siku ileile mzee Scheurer-Kestner alifariki. Hukumu yenyewe ilifutwa mwaka 1906. Wazee husema: Njia ya mwongo ni fupi. Lakini kwa yule aliyefungwa, njia hiyo ilikuwa ya miaka 12.

Basi jibu letu ni hili. Mkubwa hana ruhusa ya kutoa haki ya mtu kama malipo ya utulivu, kwa sababu haki hiyo si mali yake. Aweza kutoa cheo chake mwenyewe, kama Brisson na Scheurer-Kestner. Nasi tusiokuwa mawaziri, tutakapoketi kuamua shauri la mjane, la mgeni au la mtu asiye na ndugu, na mtu akituambia: “Tuyaache, tusiwasumbue watu,” tumwulize kwanza: Ni nani atakayelipa amani hiyo?