Snapshoti Si Bekapu, Mwanangu

Sikiliza, mwanangu, na usiwe na haraka ya kunijibu. Najua haya umeshayasikia. Waliokutangulia kwenye chumba cha seva nao waliyasikia, wakaitikia "sawa, mzee", kisha wakaenda kufanya vilevile. Sitakupigia methali ya mkuu na guu. Hiyo unayo tangu chekechea. Fungua tu skrini unayosimamia mashine pepe zako, bofya kulia juu ya jina la mashine yoyote, utazame menyu inayochomoza. Snapshoti ipo. Kloni ipo. Zote mbili ni za kubofya na kusahau, wala hazidai hela. Bekapu ya kweli mara nyingi humo haimo: iko kwenye programu nyingine, yenye leseni yake, diski zake, na bajeti ambayo mhasibu ameirudisha kwa maswali. Basi mtu aliyechoka, saa tano usiku, huchukua lililo karibu, akaandika kwenye ripoti kwamba bekapu imefanyika.

Nianze na snapshoti, maana ndiyo inayowalaza watu usingizi. Umeshaona inavyokamilika kwa sekunde chache hata kama diski ina terabaiti mbili. Hukujiuliza? Terabaiti mbili hazinakiliwi kwa muda wa kupiga chafya. Hakuna kilichonakiliwa. Kwenye VMware, faili la diski la awali hufungwa lisiandikwe tena, na faili jipya hufunguliwa pembeni yake; kila badiliko kuanzia dakika hiyo linaingia kwenye faili jipya. Ni kama mwenye duka aliyefunga daftari la madeni akaanza kuandika kwenye vikaratasi. Ukitaka kujua jirani anadaiwa kiasi gani leo, sharti usome daftari, kisha vikaratasi vyote kwa mpangilio wake. Kikaratasi cha katikati kikipotea, hesabu imeharibika. Daftari likiungua, vikaratasi vilivyobaki ni vya kuwashia jiko.

Kwa hiyo ukiniambia una bekapu, nami nikaikuta imelala kwenye diski ileile, ndani ya seva ileile, ikitegemea faili lilelile unalohofia kulipoteza, nitakuuliza: inakulinda na nini hasa? QEMU ina namna yake ya kufanya jambo hili, LVM na ZFS zina zao, na baadhi ni nyepesi kuliko nyingine, lakini swali langu halibadiliki. Diski zikifa, zinakufa na snapshoti zake.

Halafu kuna ukuaji. Kile kifaili cha pembeni, ambacho siku ya kwanza hukioni hata kwenye hesabu, kinaweza kuvimba mpaka kikalingana na diski nzima ya awali. VMware wenyewe wanaonya snapshoti isikae zaidi ya saa 72. Mfumo wao unaruhusu mnyororo wa snapshoti 32, lakini wanashauri ziwe mbili au tatu tu. Wewe unayo moja iliyoandikwa "kabla ya sasisho", na aliyeliweka hilo sasisho alishahama kazi. Hifadhi ikijaa, mashine iliyotaka nafasi ya kuandika inasimama hapo ilipo, na kama hifadhi hiyo inatumiwa na mashine nyingine zenye tabia hiyohiyo, zitasimama pamoja.

Hapa ndipo vijana wengi wanapoogopa, na hofu hiyo siilaumu, kwa kuwa maandishi ya menyu yanatisha. Wanaona "futa snapshoti" wakadhani kazi yote ya miezi itafutika. Sivyo. Ukifuta, yaliyoandikwa pembeni yanaunganishwa kwenye diski ya awali, na unabaki na hali ya leo. Ukichagua kurudi nyuma, ndipo unapotupa yote yaliyofanyika tangu siku ile. Mtu anayechanganya haya mawili ataogopa kitufe salama na kubonyeza kile cha hatari. Ila hata kile salama kina wakati wake: kuunganisha faili lililovimba kunaweza kuchukua saa nyingi, diski zikihema, na mashine ikiganda kidogo kila hatua. Usiifanye kazi hiyo tarehe ya mishahara saa tatu asubuhi. Wala usiikatize katikati kwa sababu asilimia imekaa 99 muda mrefu. Iache. Kunywa chai.

Sisemi usiitumie. Kabla ya kuweka kiraka, kabla ya kupandisha toleo la programu, ipige, fanya kazi yako, pima, na kesho yake uifute. Huo ndio umri wake.

Na kabla hujarudi nyuma, fikiria nani mwingine anakumbuka yale unayotaka mashine iyasahau. Mashine yako haiishi peke yake. Mzazi amelipa ada kwa simu saa nne asubuhi, ujumbe wa uthibitisho anao, fedha zimetoka upande wake. Wewe saa sita unairudisha seva ya malipo ilivyokuwa usiku wa jana, na kwenye vitabu vyako mzazi huyo hajalipa kitu. Seva za Active Directory zina ugonjwa huohuo. Zinapeana mabadiliko kwa namba za mfululizo. Ukiirudisha moja nyuma kienyeji, inaanza kutumia upya namba ambazo wenzake walishaziona, nao wanayapuuza mabadiliko yake mapya wakidhani ni ya zamani. Windows Server 2012 ilileta kinga ya jambo hilo, lakini inafanya kazi pale tu haipavaiza, yaani programu inayoziendesha mashine pepe, nayo inapoitambua. Hata kompyuta ya kawaida iliyounganishwa na domeini hubadilisha nenosiri lake kila siku 30 kwa mpangilio wa kawaida. Irudishe kwenye hali ya miezi miwili nyuma, halafu ushangae kwa nini inakataliwa mlangoni.

Kloni nayo watu wanaipenda kwa sababu inaonekana kitu kamili. Na ni kweli, kloni kamili ni nakala inayojitegemea, tofauti na ile iliyofungwa kwenye diski ya mzazi wake, ambayo ukimwondoa mzazi nayo haiwaki. Shida ni kwamba kloni inazaliwa ikiamini kwamba yeye ndiye yule mwingine. Ina jina lilelile, anwani ya IP ileile kama iliandikwa kwa mkono, funguo zilezile za SSH, kitambulisho kilekile ndani ya Linux. Kwa Windows kuna Sysprep ya kuisahaulisha ilikuwa nani. Kwa Linux utafuta machine-id na funguo uzitengeneze upya. Haya yamo kwenye kila kitabu, sitayarefusha.

Ambayo hayamo kwenye kila kitabu ni kazi za usiku. Mashine uliyoikloni ili fundi wa programu ajaribie ina ratiba yake: saa sita usiku tuma SMS za kuwakumbusha wenye mikopo, saa saba peleka faili la makato benki. Kloni ikiwaka huku imeunganishwa na mtandao, itazifanya kazi hizo kwa uaminifu kabisa. Mteja anapata ujumbe mara mbili, hilo ni la kucheka. Akikatwa mara mbili, hucheki. Chomoa kadi ya mtandao ya kloni kwenye mipangilio kabla hujaiwasha mara ya kwanza, uzime ratiba zote, ndipo ufikirie kuiunganisha.

Tena ndani ya kloni mna watu. Ukimpa kijana wa mkataba kloni ya seva ya hospitali aende nayo kwenye laptopu yake, umempa majina, namba za simu na majibu ya vipimo vya wagonjwa. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023. Kenya ina yake ya 2019. Mkaguzi akikuuliza nakala ziko ngapi na nani anazo, "nadhani" halitakuwa jibu.

Sasa bekapu. Kuna kanuni ya zamani iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh: nakala tatu za data, kwenye aina mbili za hifadhi, moja iwe nje ya jengo. Mpiga picha, si mhandisi wa seva, na bado sisi wenye vyeti ndio tunaoivunja. Tarehe 10 Machi 2021 jengo la seva la kampuni ya OVH huko Strasbourg, Ufaransa, liliungua lote, na wapo wateja waliogundua asubuhi hiyo kwamba bekapu zao zilikuwa zimelala kwenye jengo hilohilo pamoja na seva. Walikuwa nazo, na ziliungua pamoja na seva.

Moto angalau hautafuti nakala zako. Wezi wanazitafuta. Mwanzoni mwa Februari 2023 maelfu ya seva za ESXi, haipavaiza ya VMware, duniani zilifungwa mafaili yake na watu waliodai fidia, katika wimbi lililoitwa ESXiArgs, na udhaifu ambao wengi waliuhusisha na shambulio hilo ulikuwa na kiraka tangu Februari 2021. Snapshoti zilizokaa kwenye hifadhi za seva hizo zilikuwa ndani ya nyumba iliyovamiwa. Agosti mwaka huohuo kampuni ya CloudNordic ya Denmark ilishambuliwa, seva na bekapu pamoja, na wateja wake wengi wakaambiwa data haitapatikana. Ndiyo maana nakusumbua kuhusu akaunti. Anayeweza kufuta mashine asiweze kufuta bekapu. Seva ya bekapu isitumie nenosiri la domeini lilelile unaloingilia kila siku. Nanyi mnaoicheka tepu: kaseti moja ya LTO-9 inabeba terabaiti 18 kabla hata ya kubanwa, na ikishatolewa kwenye mashine na kufungiwa kabatini, hakuna mtu wa mbali anayeweza kuigusa.

Najua utanitolea mfano wa kampuni ya GitLab. Kila kijana hunitolea. Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wao, akiwa amechoka, alifuta hifadhidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. Karibu gigabaiti 300 zikaenda. Kilichowaokoa ni snapshoti ya LVM, kweli kabisa. Lakini soma taarifa yao yote, waliiandika wenyewe bila kujificha. Bekapu za kila siku zilikuwa hazifanyiki, kwa sababu zana ya kunakili ilikuwa ya toleo la 9.2 wakati hifadhidata ilikuwa 9.6. Barua pepe za kuwaarifu kwamba zimeshindwa zilikataliwa njiani, hazikumfikia mtu. Ile snapshoti ilipigwa kwa mkono saa kama sita kabla, kwa kazi nyingine kabisa ya majaribio, na data yake ilikuwa imeshanakiliwa kwenda kwenye seva ya majaribio. Iliwafaa kwa kuwa ilishahama nyumba. Na bado walipoteza saa hizo sita za kazi za watu.

Kwa haki, bekapu nzuri yenyewe inatumia snapshoti: programu inaipiga, inanakili data kwenda mbali, kisha inaifuta. Programu isipomaliza kazi vizuri inaiacha nyuma, nawe hujui, mpaka hifadhi ijae. Kwa hiyo pitia orodha kila wiki. Na hakikisha hifadhidata inaambiwa itulie kabla ya kunakiliwa, kwa VSS kwenye Windows au kwa kuugandisha mfumo wa mafaili kwenye Linux. La sivyo unanakili mashine kama vile umeme umekatika ghafla. Mara nyingi itaamka. Mimi kwa "mara nyingi" sijengi.

Nakala ya nje iwe wapi? Wingu ni sawa, lakini piga hesabu ya kurudi na si ya kwenda. Terabaiti mbili kwa megabiti 100 kwa sekunde, bila kupungua hata kidogo, ni zaidi ya saa 44. Na Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika baharini, Afrika Mashariki nzima ilijua maana ya mtandao kupungua. Weka nakala moja mji huohuo, jengo jingine, unakoweza kufika kwa bodaboda ukiwa na diski begani.

Jumamosi hii, basi, usiniletee ripoti yenye alama za kijani. Chagua mashine moja ambayo watu wangeililia, ile ya mishahara inafaa. Irudishe kutoka kwenye nakala ya nje, kwenye mtandao uliofungwa, na upime muda tangu unapoanza. Ikiwaka usishangilie, skrini ya kuingia haithibitishi kitu. Mwite mama wa uhasibu afungue malipo ya mwezi uliopita ayalinganishe na karatasi zake. Andika ilichukua saa ngapi, na andika ufunguo wa kufungulia nakala uko wapi, maana nyingi zimefungwa kwa ufunguo uliohifadhiwa ndani ya mashine ileile iliyokufa. Andika kwenye karatasi, iwekwe kwenye sefu ya ofisi. Na yule mdogo wako aliyeanza kazi mwezi huu, mwache yeye ndiye abofye huku akisoma hiyo karatasi. Wewe kaa pembeni, usimsaidie hata akikwama, kwa kuwa siku yenyewe huenda uko msibani Songea na simu yako haipatikani.