Tumbili wa Hotelini na Umma Wake

Ukoo wetu ni Wahinda, na muziro wetu, yaani mnyama wa mwiko wa ukoo, ni nkende, anayejulikana kwa Kiswahili kama tumbili. Hatumli. Baba yangu mkubwa wa Kamachumu, wilayani Muleba, alikuwa na mahindi pembeni ya kibanja chake, na kila msimu tumbili waliyavamia. Aliwafukuza kwa kugonga debe, akawaachia mbwa, akawalaani mpaka sauti ikamkauka, lakini nyama yao isingevuka kizingiti chake hata mwaka wa njaa. Wababito wa Kiziba nao hawamli pongo. Kila ukoo una wake. Ni maadili yaliyokuwepo kabla ya msikiti na kabla ya misheni, nami nayaheshimu. Ila yana pengo moja: yanashika mdomo, yanayaacha macho. Mhinda asiyeweza kumtia nkende kinywani anaweza kwenda kumtazama nkende huyohuyo akiwa na mnyororo shingoni, akacheka, akarudi nyumbani bila kuvunja mwiko wowote.

Nayasema haya kwa sababu ya kazi yangu. Natembeza wageni Bukoba na Muleba. Miezi mingi biashara ni ya kusuasua, lakini Desemba Wahaya wa Dar es Salaam na Mwanza hurudi nyumbani kula Krismasi, kuoa, kuzuru makaburi na kugombania vibanja, na watoto wao wakishachoka na ndizi na hadithi za bibi wanataka kutembezwa. Ipo hoteli moja kando ya ziwa, jina nalihifadhi, iliyomfunga tumbili mmoja chini ya mwembe kwa mnyororo wa mbwa. Mzazi anaagiza sato na soda, mtoto anamrushia tumbili chipsi, simu zinatoka mifukoni. Tumbili anapokea. Anauzunguka mti mpaka mnyororo unakwisha, kisha anauzunguka kwa upande wa pili. Mama mmoja niliyemleta pale pamoja na wanawe, baada ya kuniona nimenuna, aliniuliza: “Sasa kaka, ubaya uko wapi? Huyu anakula vizuri kuliko wenzake wa porini.”

Swali lake si la kijinga, na halijibiwi kwa kununa.

Mimi ni Mwislamu. Alipotaja kula nilikumbuka hadithi ya paka, iliyomo katika Bukhari na Muslim: mwanamke aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha akajitafutie wadudu wa ardhini. Tumeisikia mara nyingi msikitini, na wengi wetu tunatoka na ile nusu ya chakula tu. Kwa nusu hiyo, mama yule kashinda kesi. Tena anaye shahidi mwingine. Abu Umair, mdogo wake Anas bin Malik, alikuwa na kindege cha kuchezea. Kilipokufa Mtume alimliwaza kwa utani wa upole, na wanazuoni wakaona humo ruhusa ya kufuga ndege. Kwa hiyo siwezi kusimama mbele ya mtu nikadai kwamba kumweka mnyama chini ya mkono wa binadamu ni dhambi kwa yenyewe. Dini yangu haisemi hivyo. Kibanja chetu nacho hakisemi hivyo, mbuzi wamefungwa kamba pale kila siku ya Mungu.

Kinachonikaba ni nusu ya pili ya habari ya paka, ile ya kuachwa akajitafutie. Na zaidi ya hiyo, aya ya 38 ya Sura ya Al-An'am, inayowahesabu wanyama wa nchi kavu na ndege wa angani kuwa ni umma kama sisi tulivyo umma. Nimeisoma tangu madrasa bila kuishughulikia. Siku hizi naiona kila nikipita kwenye ule mwembe. Mwaka 1980 Robert Seyfarth na Dorothy Cheney, pamoja na Peter Marler, walichapisha utafiti wao juu ya tumbili wa Amboseli, kule Kenya. Walirekodi milio yao ya hatari, wakawapigia tena kwa spika zilizofichwa wakati hakuna adui yeyote karibu. Wakisikia mlio wa chui, walikimbilia mitini. Wakisikia wa tai, walitazama juu au kuingia vichakani. Wakisikia wa nyoka, walisimama kwa miguu miwili wakakagua nyasi. Watoto wao hukosea mwanzoni, wakatoa mlio wa tai hata kwa ndege asiye na madhara, na hunyooka kadiri wanavyokua.

Baba yangu mkubwa angekwambia hayo bila spika. Alijua kundi lina mlinzi, na kwamba akishapiga kelele shamba linabaki tupu kabla mbwa hajafika. Lakini mpeleke mlinzi huyo hotelini. Nyoka akipita kwenye majani ya pale, tumbili atalia mlio wake uleule, na hayupo hata mmoja wa kusimama na kutazama nyasi. Huyo ametolewa kwenye umma. Chipsi haziwezi kulipa hilo, na ndiyo maana jibu la “anakula” halijibu. Mbuzi wa kibanjani ana mbuzi wenzake, na mababu zake wameishi na watu vizazi kwa vizazi.

Hapo bado hatujauliza alifikaje kwenye mnyororo. Tumbili mdogo hushikilia tumbo la mama yake. Humpati mpaka umemalizana na mama, kwa mbwa au kwa mtego. Abu Dawud anasimulia kwamba masahaba walichukua makinda ya ndege safarini, mama yao akaja akipigapiga mabawa, na Mtume akaamuru yarudishwe. Wa kwetu hawezi kurudishwa. Aliyekuwa wa kurudishiwa ameshakufa shambani.

Najua mtu wa Bukoba ameshaanza kucheka: msimu wa senene huyuhuyu anajaza sahani, leo anamlilia tumbili! Kweli nakula, na Novemba ikichelewa nanung'unika. Senene anakamatwa usiku, anakaangwa, yamekwisha. Sijamweka miaka kumi karibu na meza yangu anichekeshe.

Kusini-mashariki ya Muleba, ndani ya ziwa, kipo kisiwa cha Rubondo, na hapo ndipo mawazo yangu yaliponyooka. Kati ya mwaka 1966 na 1969 Bernhard Grzimek, yule Mjerumani wa Frankfurt aliyeitangaza Serengeti duniani, alipeleka huko sokwe 17 waliotolewa kwenye bustani za wanyama na sarakasi za Ulaya. Wengi walikuwa wamekamatwa Afrika Magharibi wakiwa wachanga, na wengine walikuwa wamekaa vizimbani miaka. Hawakupewa mafunzo yoyote; milango ya masanduku ilifunguliwa ufukweni, basi. Mwanzoni baadhi yao walishambulia watu, maana watu walikuwa wanawajua vizuri mno. Lakini wakajifunza matunda ya msitu, wakajifunza kujenga viota juu ya miti, wakazaa. Rubondo ikawa hifadhi ya taifa mwaka 1977. Sokwe walioko leo hawajawahi kuona tiketi.

Sisimulii hivi kwa kupamba. Kisiwa kilikuwa na watu wake, wavuvi wenye migomba yao, wakahamishwa ili wanyama wapate nafasi. Kila nikipeleka mgeni namweleza, kwa sababu uhuru wa sokwe wale una bei iliyolipwa na binadamu, na anayekwenda kuwatazama ajue.

Ila kwenye safari za Rubondo kuna jambo usilolipata chini ya mwembe. Unalipa ada, unalipa boti, unatembea kwenye tope, na huenda usimwone sokwe hata mmoja. Mgeni mmoja, mtu mzima mwenye cheo chake, alinidai nimrudishie fedha. Nikamwambia, “Waitu mzee, ulilipia msitu.” Hakufurahi. Nami tangu siku ile nina kipimo ninachokitumia kila mahali: je, mnyama huyu anaweza kunikatalia? Kama anaweza kuniona nimekuja, akageuka, akaenda zake kwa wenzake, basi fedha yangu imenunua nafasi ya kutazama. Kama hawezi, imemnunua yeye.

Kipimo hiki si msumeno unaokata kila kitu sawasawa. Mwendo wa siku moja kutoka Bukoba kupitia Mutukula unakufikisha Entebbe, Uganda, ambako bustani yao ilianza mwaka 1952 kama kituo cha kuwatunza wanyama yatima. Na kwenye kisiwa cha Ngamba, tangu mwaka 1998, wanatunzwa sokwe walionyang'anywa majangili na wafanyabiashara. Kuna uzio, na mgeni hutazama akiwa jukwaani saa ya chakula. Lakini wana karibu ekari 100 za msitu, wako kundi, na kiingilio cha mgeni ni sehemu ya ugali wao. Huko nampeleka mtu kwa moyo mweupe. Uzio ule umewekwa kwa ajili yao. Mnyororo wa hotelini umewekwa kwa ajili ya soda.

Pingamizi zito kuliko yote sijalisikia kwa wageni. Nimelisikia kwa mwalimu wa shule ya msingi huko Muleba. Alisema: watoto wangu wanaishi ukingoni mwa ziwa lenye hifadhi, na boti ya kwenda huko ni mshahara wa baba zao. Wakimwona tumbili wa hotelini, angalau wamemwona mnyama. Sina jibu rahisi. Naweza kumwambia kwamba tumbili huru wako kwenye mahindi ya jirani yake, bure kabisa. Naweza kumwelekeza makumbusho ya Nyamkazi, hapa Bukoba, penye picha za wanyamapori wa Kagera alizopiga Dick Persson. Naweza pia kumwambia kwamba Burigi-Chato, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019, inaingia mpaka ndani ya wilaya yake, na basi la shule linafika. Hata hivyo fedha ya basi ni fedha, na dai lake linasimama: nchi inayomtaka mtoto ampende mnyama inapaswa imfikishe alipo. Lakini mtoto aliyemrushia chipsi mfungwa hajafundishwa habari za tumbili. Amefundishwa kwamba kiumbe anaweza kuwekwa hivyo na watu wazima wakaendelea kula.

Somo hilo lina wanafunzi wakubwa pia. Novemba 2010 wanyama hai zaidi ya 100, twiga wakiwemo, walipakiwa kwenye ndege ya kijeshi ya Qatar pale KIA, uwanja wa ndege wa Kilimanjaro. Mwaka 2016 katika uwanja huohuo walizuiwa tumbili 61 waliokuwa wakipelekwa Albania, na mwaka huo serikali ikapiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi. Tulipiga kelele sana, na haki yetu. Nkende 61 wa Albania walituuma. Yule mmoja wa kwetu tunampiga picha.

Basi wewe unayerudi nyumbani Desemba hii na watoto, ukimkuta, usimlishe wala usimpige picha. Mwite mwenye hoteli kwa adabu, umuulize ametoka wapi na kibali kiko wapi, kwa maana Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumweka mnyamapori kienyeji tu. Akibabaika, mpigie simu ofisa wanyamapori wa wilaya, kisha mkale kwingine. Sato wa Bukoba hauzwi hoteli moja.