Sahani ya Pili

Chora visanduku vinne akilini. Katika cha kwanza jua linazama, mtumbwi unaondoka ufukweni Mbamba Bay, karabai imekwisha kuwashwa. Cha pili ni mchana. Mwanamke anaanika dagaa juu ya chanja, macho yakiwa ziwani. Katika cha tatu chanja ni kitupu. Katika cha nne mwanamke yuleyule amesonga ugali, amepanga sahani mbili. Hakuna neno hata moja.

Sasa mtie maneno mdomoni: "Mume wangu, umepatwa na nini?" Huzuni inapungua palepale. Maneno hayo si ya uongo, lakini yametupokonya kazi tuliyokuwa tukiifanya wenyewe. Kabla ya hapo mimi ndiye niliyehesabu siku zilizopita, mimi ndiye niliyeishtukia ile sahani ya pili. Huzuni niliyoambiwa naweza kuipokea kwa adabu na kufungua ukurasa mwingine. Niliyoifikia kwa akili yangu siwezi kuikana, maana nimeshiriki kuitengeneza.

Wapo wanaosema kibonzo kisicho na maneno kinamgusa kila mtu kwa sababu hakihitaji lugha. Sikubali. Anayeishi mbali na Ziwa Nyasa, asiyejua kwamba wavuvi wa karabai hurudi alfajiri, ataona mama anapika tu. Hatajua kwamba chanja kitupu maana yake ni kwamba samaki wapya hawakuletwa. Ukimya wa kibonzo ni kama wa mtu anayeingia msibani, akaketi mkekani asiseme kitu, na kila aliyepo akaelewa amekuja kufanya nini. Ukimya huo una lugha, ila ni lugha ya maisha ambayo watu wamekwisha kuyaishi pamoja.

Vibonzo vyetu vimezoea kusema, na kusema vizuri. Chakubanga wa Christian Gregory, aliyeanza kuonekana katika gazeti la *Uhuru* mwaka 1967, alikuwa na mdomo wake. Jarida la *SANI* lilijaa porojo tamu za mjini, na miongoni mwa waliolichorea miaka ya 1980 alikuwemo Philip Ndunguru, ambaye jina lake hakuna Mmatengo wa Mbinga asiyelisikia kama la nyumbani. Halafu yupo Kingo wa James Gayo, ambaye mara nyingi hupita visanduku vyake vyote bila kutamka lolote. Kingo huchekesha zaidi kuliko kuhuzunisha, na hata kicheko chake lazima msomaji akimalizie.

Huku Mbinga ukimya huu una uzito wa pekee. Mtoto husoma Kiswahili shuleni, nyumbani husikia Kimatengo, na akiteremka ziwani hukutana na Kinyasa. Nimemwona bibi mmoja barazani, kahawa ikikauka uani, akimsimulia mjukuu picha za gazeti kuukuu. Alikuwa akiwasemea wahusika kwa Kimatengo, sauti nzito kwa mzee, nyembamba kwa mke. Mtoto akapinga: yule mzee hakukasirika, alikuwa na njaa. Wakabishana kweli, kwa hoja, wakionyeshana nyusi na mikono. Mchoro ungekuwa na maandishi, mwenye kujua kusoma angeshinda, na bibi angenyamaza.

Shaun Tan wa Australia aliliona hilo kutoka upande wa pili. Katika *The Arrival*, kitabu chake cha mwaka 2006 kuhusu mhamiaji, hata vibao vya mjini vimeandikwa kwa herufi za kubuni. Hakuna msomaji anayeweza kuzisoma. Msomi anakuwa mgeni sawa na yule mhamiaji, na hofu ya kutojua kusoma inamfika mwilini.

Ila uhuru huu wa msomaji wa kujimalizia hadithi unamdai mchoraji sana. Mchoraji anayetumia maneno akikosea kuchora ngoro, yale mashimo-mashimo ya mashamba ya Wamatengo, anaweza kujiokoa kwa kuandika chini yake kwamba hilo ni shamba la mlimani. Mchoraji wa kimya hana pa kujificha. Chanja kikiwa na miguu mifupi kuliko inavyofaa, mama wa Liuli, kando ya ziwa, atakitazama chanja na kumsahau mwanamke, na ile sahani ya pili itakuwa sahani tu. Natamani visanduku vile vinne vichorwe na mtu aliyewahi kuanika dagaa kwa mikono yake.