Maji Yaliyohesabiwa

Mwezi wa tano mwaka huu nilisimama mbele ya kina mama kufundisha juu ya bajeti ya nyumbani. Wengi wenu mlikuwapo. Nilifundisha kama kawaida yangu: andika kila shilingi, ipe kila shilingi kazi, maana shilingi isiyo na kazi itajitafutia kazi yenyewe. Tukacheka. Mwishoni dada mmoja kijana akanyoosha mkono, akauliza, "Sasa mama, ukishagawa zote, halafu mtu agonge mlango ana shida, unamwambia nini?" Nikamjibu pale pale: "Unamwambia ukweli. Zimehesabiwa." Kina mama wakapiga makofi.

Usiku huo usingizi ulinikataa. Neno hilo nilikuwa nimelisema mahali pengine miaka kadhaa iliyopita, na siku hiyo hakuna aliyepiga makofi. Wacha niwasimulie, halafu tulifikirie pamoja.

Ilikuwa likizo ya Agosti. Shemeji yangu ana Land Cruiser kuukuu ambayo anaipenda kuliko chakula, na alitushawishi twende tukapige kambi Marsabit. Tulikuwa watano: yeye, mimi, Baba Debra, Debra mwenyewe akiwa kidato cha pili, na mdogo wake. Kazi ya kupanga safari ikaniangukia mimi, kwa sababu kila mtu anajua mimi ni mtu wa kupanga. Orodha yangu ilikuwa kurasa tatu. Hema mbili, meko, sufuria, unga, maharagwe yaliyochemshwa, blanketi nzito, tochi. Tulipofika Isiolo tukajaza maji kwenye jerikeni tano za lita 20. Lita 100, usiku mbili, watu watano.

Kutoka Isiolo hadi Marsabit ni kama kilomita 260, na siku hizi ni lami. Ilikuwa kiangazi. Kama umepita barabara hiyo, unajua vile watoto wa wafugaji husimama kando ya lami wakiinua chupa tupu za plastiki. Hawaombi pesa. Wanaipindua chupa kichwa chini ili uone kwamba haina kitu. Tulipita wengi. Baada ya Laisamis tukakuta mama mmoja amesimama peke yake, shanga shingoni, mtoto mgongoni, jerikeni ya manjano miguuni. Hakupunga mkono. Aliigusa tu ile jerikeni kwa fimbo.

Shemeji akapunguza mwendo, akanitazama kwenye kioo. "Mama Debra, tumpe kidogo?"

"Endesha tu," nikasema. "Hayo maji yamehesabiwa."

Debra akageuka. "Mum, si tuko na mengi?"

"Tunakoenda hakuna mfereji," nikamwambia. Na hilo lilikuwa kweli kabisa. Gari likaongeza mwendo.

Sasa, Marsabit. Mtu ambaye hajafika hawezi kuamini. Unatembea nusu ya siku katika mawe na miiba, jua likikuchoma hata kupitia dirisha, halafu barabara inaanza kupanda, hewa inabadilika, na ghafla unatafuta sweta. Huo ni mlima wa volkeno uliolala, umesimama peke yake kati ya jangwa, na juu yake kuna msitu mzito wenye ndovu na nyati. Mlimani hakuna mto wa kudumu. Kinachoulisha msitu ule, ukiacha mvua, ni ukungu. Upepo wenye unyevu kutoka upande wa Bahari ya Hindi unaugonga mlima, unapanda, unapoa, na usiku unakuwa wingu. Miti inalinasa wingu hilo kwa majani yake na kwa zile ndevu za kijivu zinazoning'inia kwenye matawi. Asubuhi unasimama chini ya mti unasikia matone, tap, tap, na mbingu haina mvua. Matone hayo yanaingia ardhini, na chemchemi za msituni ndizo zimewanywesha watu wa mji kwa miaka mingi.

Ziwa lenyewe liko ndani ya shimo la volkeno. Wenyeji wanaliita shimo hilo Gof Sokorte Guda, na guda maana yake kubwa. Liko lingine dogo, Sokorte Dika. Jina la Paradiso lilienezwa na Wamarekani wawili, Martin na Osa Johnson, mume na mke, ambao katika miaka ya 1920 walijenga makao juu ya ziwa hilo wakakaa miaka karibu minne wakipiga filamu za wanyama. Nikiwa nimesimama pale sikuwalaumu kwa jina hilo. Kuta za shimo zimefunikwa na msitu kutoka juu hadi chini, na maji yamelala katikati, kimya.

Kambi ya pale inaitwa kambi maalum. Maana yake, kwanza, hakuna kitu: hakuna mfereji wala duka, kuna maji ya ziwa na kuni basi, na lazima askari wa wanyamapori alale nanyi kwa sababu ya nyati na simba. Maana ya pili ni kwamba ukishalipia nafasi, hakuna kundi jingine litakaloruhusiwa kupiga kambi hapo siku zako. Ziwa zima lilikuwa letu, watu watano na askari mmoja. Nakiri nililipenda hilo. Nimeishi miaka 20 katika ploti ambayo jirani akikohoa mimi ndiye ninayeamka.

Usiku wa kwanza ndovu walikuja kunywa. Hatukuwaona vizuri, mwezi ulikuwa mdogo na ukungu ulikuwa umeanza kushuka, lakini tuliwasikia: mkonga ukivuta maji, kimya, halafu yale maji yakimwagika kooni. Askari akatuambia tukae tu. Mdogo wake Debra alinishika mkono kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi. Msitu huo ndio uliokuwa makao ya Ahmed, yule ndovu wa pembe ndefu ambaye Rais Jomo Kenyatta alitoa amri mwaka 1970 kwamba asiguswe, akawekewa walinzi hadi alipokufa mwaka 1974. Sanamu yake iko Makumbusho ya Taifa, Nairobi, watoto wameiona na shule.

Walipoondoka tukarudi motoni. Askari alikuwa mtu wa Marsabit, wa makamo, si msemaji sana. Baba Debra akamuuliza juu ya visima vinavyoimba, maana alikuwa amesikia habari zake. Akatueleza. Kisima ni kirefu, vijana wanasimama mmoja juu ya mwingine kama ngazi, ndoo inatupwa kutoka mkono hadi mkono mpaka ifike kwenye hori la ng'ombe, na wimbo ndio unaoshikilia mwendo, kwa sababu mmoja akikosea wote wanapoteza. Kisima kina mwenyewe. Kina pia mzee wa kupanga zamu, leo ng'ombe wa nani, kesho wa nani, na hakuna anayeruka zamu.

"Na kama mgeni anapita?" Debra akauliza.

"Ng'ombe ndio wana zamu," akasema. "Mtu ako na kiu hana zamu. Huyo anakunywa."

Hakuwa akinisema mimi. Hakujua lolote la barabarani. Mimi nikainuka nikaongeza kuni ambazo moto haukuzihitaji.

Asubuhi ya tatu tukafunga virago. Jerikeni mbili zilikuwa bado zimejaa, hata kifuniko hakijafunguliwa. Shemeji akalalamika kwamba njia ya kutoka shimoni ni mbaya na gari ni zee, tupunguze uzito. Basi nikabeba ya kwanza nikamwaga juu ya makaa, maana moto wa kambini lazima uzimwe kabisa. Kisha nikawasafishia watoto viatu. Kisha nikaiinamisha imalizikie nyasini. Niliposhika ya pili nikasikia sauti ya askari nyuma yangu:

"Mama, hii maji iko mbaya?"

Aliuliza kwa heshima. Alidhani yameingia dudu, au petroli. Kichwani mwake hakukuwa na sababu nyingine ya mtu kumwaga maji.

"Hapana," nikasema. "Ni mazuri."

Akanyamaza. Akachukua kifuniko kilichokuwa juu ya jiwe, akakifunga, akaiinua jerikeni na kuiweka ndani ya gari mwenyewe. Hakusema kitu kingine, na mpaka getini sikuweza kumtazama.

Ndani ya gari Debra ndiye aliyelianzisha. Sitaandika alivyosema, alisema kama kijana. Baba yake akanitetea. Akataja wale wanawali kumi: watano wenye busara waliombwa mafuta wakakataa, na hakuna mahali wanalaumiwa. Akaongeza jambo ambalo mpaka leo naliona lina uzito: "Barabarani kulikuwa na watu zaidi ya 30. Ukimpa mmoja, hao wengine umewaambia nini?"

Nilifurahi kutetewa. Lakini nilikuwa na ile orodha yangu mkononi, nikaigeuza nyuma nikatoa kalamu. Watu watano, lita nne kila mtu kwa siku, siku mbili: lita 40. Kupika na kuosha vyombo, tuseme 20. Jumla 60. Jerikeni tatu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mara yangu ya kwanza kufanya hesabu hiyo. Isiolo sikuhesabu. Isiolo niliangalia jangwa mbele, nikaogopa, nikasema tano. Kumbe neno nililomwambia shemeji halikuwa kweli. Maji hayakuwa yamehesabiwa. Lita 40 kati yake zilikuwa za hofu yangu, na hofu haina hesabu. Ningebeba kumi ningesema hayo hayo.

Kwa hiyo wanawali hawakunisaidia. Wao walijua kipimo cha taa zao.

Lakini hapo bado ni rahisi, na sitaki kujificha kwenye urahisi. Tuseme nilikuwa na jerikeni tatu kamili, kila lita na kazi yake. Je, hapo ningekuwa na haki ya kuongeza mwendo? Nimelizungusha sana hili. Tulikuwa tunaenda kulala kando ya ziwa. Lita tano nikimpa yule mama, tunaosha sufuria kwa maji ya ziwa, basi, hayo ndiyo maumivu yetu yote. Upande wake kulikuwa na koo la mtoto. Hesabu yangu ilikuwa sahihi kwa watu watano, lakini ni mimi niliyeamua kwamba watu ni watano. Hiyo sehemu haikuwa hesabu. Niliiamua kabla ya kushika kalamu.

Hata hivyo sisemi kwamba kila kukataa ni ubaya. Tukiteremka mlima tuliona ng'ombe wamekonda wakichungwa karibu na mpaka wa hifadhi, na ndani nyasi ziko hadi magotini. Sheria inasema mifugo isiingie. Mtu anaweza kusema huo nao ni uchoyo, nyasi za ndovu na watalii. Lakini msitu ule ndio unaonasa ukungu. Kwato na mashoka yakiumaliza, chemchemi zitakauka, na wa kwanza kulia ni hao hao wenye ng'ombe. Mlima unakataa ili uendelee kutoa. Nimejaribu kujiambia mimi pia nilikataa kwa namna hiyo, mama wa nyumbani akilinda watoto wake. Kisha nakumbuka yale maji yalivyokuwa yakizama kwenye nyasi.

Kabla ya Laisamis shemeji alisimamisha gari bila kuambiwa. Ilikuwa ni pale pale, au karibu na pale. Jangwani mahali pote ni pale. Hakukuwa na mtu. Tukangoja. Baada ya muda wakaja wavulana wawili na mbuzi, tukawajazia chupa zao, na mmoja akakimbia kuleta jerikeni ambayo ilikuwa imefichwa chini ya kichaka. Iliyokuwa ndani ya gari ikaisha yote. Debra alikuwa anacheka nao, amefurahi. Mimi nilikuwa naangalia upande ule mwingine wa barabara. Wavulana walikunywa, na nashukuru, lakini deni langu halikuwa kwao.

Dada uliyeniuliza swali mwezi wa tano, nilikujibu haraka. Najua wengi sasa watakuambia rahisi: weka fungu la msaada katika bajeti. Weka. Mimi mwenyewe ninalo, na ni zuri. Ila nimegundua kitu juu yangu: fungu hilo likiisha tarehe kumi, kuanzia tarehe kumi na moja nawaambia watu "zimekwisha" na moyo wangu uko baridi kama mwanzo, tena baridi zaidi, maana nimeshatimiza wajibu. Kwa hiyo sina jibu zima la kukupa. Ninachoweza kukuambia ni kwamba siku hizi, kabla sijasema zimehesabiwa, naenda nahesabu kwanza. Mara nyingi nakuta zile za hofu.

Shemeji ameanza tena kutaja Marsabit. Gari amelitengeneza. Juzi Baba Debra, ambaye bado anashikilia kwamba sikukosea, aliniuliza safari hii tubebe jerikeni ngapi. Sijamjibu.