Mguu Usiouma

Mwaka 2005 Dkt. Zulfiqarali Abbas na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha habari ya kutisha: wagonjwa wa kisukari waliumwa miguu na panya usiku, wasisikie. Miguu yao ilikuwa imekufa ganzi.

Panya huja mwisho. Kabla yake dalili hukaa muda mrefu: nyayo kuwaka moto usiku, vidole kuchomachoma, kisha ndara kuchopoka bila mwenyewe kujua. Maumivu yakikoma, mtu hushukuru kwamba amepona. Hata mimi ningeshukuru, na hapo ndipo wengi tunapopotea. Sukari iliyokaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo inayolisha neva, na huchangia kuiziba ile mikubwa inayoshusha damu miguuni. Mguu kama huo hausikii jeraha, wala haupati damu ya kutosha kuliponya.

Huku Nyanda za Juu Kusini nahofia moto zaidi ya panya. Baridi ya Juni na Julai, iwe Uyole au Mafinga, hutusogeza jikoni kuota moto, na mzee huwekewa beseni la maji ya moto. Ndugu zangu, usipime maji kwa mguu wenye ganzi. Mwambie mjukuu atangulize kiwiko chake. Na mabuti ya shamba yakung'uteni kabla ya kuvaa; kokoto moja yatosha kuchimba kidonda.

Dalili nyingine hupuuzwa kwa sababu ya lawama. Mgonjwa anameza vidonge, sukari haishuki, anakonda. Nyumbani wanasema anakunywa chai ya sukari kwa siri. Pengine ni kweli. Lakini wapo walioambiwa wana kisukari cha aina ya pili, kumbe kinga ya mwili wao wenyewe inashambulia seli za kongosho zinazotengeneza insulini. Vidonge peke yake mwishowe haviwatoshi. Wanahitaji sindano za insulini. Kipimo cha kingamwili zinazoonyesha hali hiyo hakipatikani kila hospitali, kwa hiyo mweleze daktari yote: umekonda kiasi gani, dawa unamezaje. Kila mwezi unaopita katika kulaumiana, mishipa inazidi kuumia.

Tazama nyayo zako kila jioni, hata kwa kioo. Ukiona lengelenge au ngozi iliyobadilika rangi, kesho yake nenda kituo cha afya, usisubiri liume. Na siku ya kliniki vua viatu mbele ya muuguzi, hata kama hajakuambia.