Mtoto wa Mia Moja na Tisini

Neno ada liliingia katika Kiswahili kutoka Kiarabu likiwa na maana ya desturi, jambo lililozoeleka na watu. Maana hiyo haijafa: bado husemwa ada za harusi, na mkaja na kilemba vilihesabiwa humo. Lakini kwa mzazi wa Dar es Salaam wa leo ada ni kitu kimoja tu, fedha za shule. (Mkenya husema karo, na neno lake halimkumbushi desturi yoyote.) Safari hii ya neno, kutoka desturi hadi bei, yafaa ikumbukwe na kila anayeketi kuandika mpango wa biashara wa shule. Wanaoandika mipango hiyo si wachache, wakiwamo Waswahili wa Muscat, London na Minneapolis ambao, wakiwaza kurudi nyumbani na akiba yao, huwaza ama nyumba za kupangisha ama shule.

Mpango wa namna hiyo huanza na idadi. Na ichukuliwe kwa mfano shule ya msingi ya binafsi yenye nafasi 210 na ada ya shilingi 900,000 kwa mwaka. Mishahara, pango, maji, umeme, basi na ukarabati vinafika shilingi milioni 170. Kinachobaki ni kugawanya: watoto 189 wakilipa, gharama zimerudi. Wale 21 waliosalia ndio faida, ndio rejesho la mkopo wa benki, ndio darasa jipya la mwaka ujao. Hesabu hii si ovu. Shule isiyoifanya hufungwa katikati ya mwaka, na shule kufungwa si sawa na duka kufungwa. Mteja wa duka huvuka barabara akanunua sukari kwingine. Mtoto aliyepoteza muhula wa pili wa darasa la nne hana pa kuununua tena. Mwenye shule asiyejua hesabu aweza kudhuru kuliko mwenye tamaa.

Tatizo la kimaadili limo ndani ya hesabu hiyohiyo, mahali ambapo wengi hawalitafuti. Mtoto wa 190 haigharimu shule karibu chochote. Mwalimu amekwisha kulipwa, dawati lipo, taa zinawaka. Ada yake ikikatika mwezi Mei kwa sababu baba amepoteza kazi bandarini, kubaki kwake darasani kunaigharimu shule kikombe cha uji na madaftari machache. Basi kwa nini anarudishwa nyumbani? Anarudishwa ili wazazi wa wale 209 waone. Shule inaogopa, wala haiogopi bure, kwamba ikimwacha mmoja, Juni watakuwa wanane na Septemba watakuwa 40, baadhi yao wakiwa na uwezo kamili wa kulipa. Hapo 189 haitafikiwa, na wote watakosa shule.

Immanuel Kant, katika kitabu chake cha 1785 juu ya misingi ya maadili, alikataza binadamu kutumiwa kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Ni vigumu kupata mfano ulio wazi kuliko mtoto huyu. Hakukopa, hakutia saini, hana mshahara. Deni ni la mtu mzima kwa mtu mzima, lakini anayesimama mstarini asubuhi jina lake likisomwa ni yeye, kwa kuwa yeye ndiye anayefikika. Amegeuzwa barua. Na barua hiyo haiishii kwa baba: husafiri kwa simu hadi kwa shangazi aliyeko Leicester au mjomba aliyeko Muscat, naye hutuma fedha usiku uleule. Mbinu hii haiachwi kwa sababu inafanya kazi. Ndiyo iliyo nyuma ya vyeti vinavyofungiwa kabatini pia. Nchini Kenya, sheria ya mwaka 2012 ya Baraza la Mitihani inakataza cheti cha mwanafunzi kuzuiwa, na bado vimeendelea kuzuiwa kwa deni la karo, hata kesi zikafika mahakamani.

Wapo wanaojibu kwamba kosa ni kuiingiza biashara katika elimu, yakaisha. Jibu hilo ni jepesi mno. Mwalimu wa chuo cha Kurani wa zamani alipokea kilichopatikana, na watoto wakamtekea maji na kumwokotea kuni. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Nyerere alitaka kila shule iwe pia jumuiya ya uchumi, yenye shamba au karakana, ichangie gharama zake yenyewe. Huo nao ulikuwa mpango wa mapato. Mtoto hakudaiwa fedha, alidaiwa mikono. Na serikali zilipofuta malipo, Kenya katika shule za msingi mwaka 2003 na Tanzania hadi kidato cha nne mwaka 2016, madarasa ya umma yalifurika, na kufurika huko kukawa sababu mojawapo ya wazazi wa kipato cha chini kuitafuta shule ya kulipia.

Mjadala mkali zaidi ulizuka juu ya Bridge International Academies, kampuni iliyofungua shule yake ya kwanza Nairobi mwaka 2009, ada ikilipwa kwa simu na mwalimu akilisoma kutoka kwenye kishikwambi somo lililoandikwa makao makuu. Uganda, Mahakama Kuu iliruhusu mwaka 2016 shule zake zifungwe. Shirika la fedha la Kundi la Benki ya Dunia, lililokuwa limewekeza humo, lilijitoa mwaka 2022. Na mwaka huohuo ukatoka utafiti wa Kenya wa Michael Kremer na wenzake, ulioonyesha kwamba watoto walioingia shule hizo kwa ufadhili wa bahati nasibu walijifunza zaidi, tena kwa tofauti kubwa, kuliko walioukosa. Waliojenga hoja yao juu ya imani kwamba faida na kujifunza haviwezi kukaa chumba kimoja walipata taabu kuyajibu matokeo hayo, na ni haki waipate. Lakini waliopimwa walikuwa watoto waliolipiwa. Matokeo yanaeleza anachopata mtoto aliyemo darasani. Swali la aliyesimama nje ya geti linabaki palepale.

Pwani ilikuwa na chombo kingine, wakfu. Mwenye shamba au nyumba Unguja, Lamu au Mombasa aliitoa mali yake, yenyewe isiuzwe, mapato yake yaendeshe msikiti au chuo. (Kwamba wakfu nao uliweza kuliwa na wasimamizi, hilo halihitaji ushahidi.) Faida ya wakfu kwa hoja hii ni umbali wake: anayelipa hayupo darasani, pengine alikufa zamani, na mtoto hajui anasomeshwa na mnazi wa nani.

Mpango wa biashara waweza kuazima umbali huo bila kujiita wakfu. Kati ya wale 21, wanane wanaweza kuandikwa tangu mwanzo katika safu ya matumizi, pamoja na chaki na umeme, badala ya kusubiriwa mwisho wa mwaka katika safu ya madeni mabaya. Kwa mhasibu tofauti ni ndogo. Lakini deni baya lina mwenyewe, hufuatwa, na hufuatwa kupitia mtoto. Gharama iliyopangwa haimfuati yeyote. Benki itauliza kwa nini faida imepungua, na mwenye shule atalazimika kujibu kwa maandishi, jambo ambalo si baya pia.

Itasemwa kwamba siri itavuja na kila mzazi atajifanya fukara. Wengine watajaribu. Wataitwa wao, wataulizwa wao, watatia saini wao, na asiyetimiza mkataba atafuatwa kwa mkataba. Ni kazi ndefu kuliko kusoma majina mstarini. Na nafasi nane zikijaa Agosti, akaja wa tisa Septemba, mpango hautakuwa na jibu lililo tayari. Mwenye shule, mhasibu na mzazi wataketi ofisini mlango umefungwa, wakitafuta shilingi 300,000 za muhula, na wakati huo mtoto atakuwa darasani akifanya jaribio lake la kugawanya.